Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamia Kitongoji cha Kihistoria

Vitongoji vya zamani vilivyoota kando ya reli vina mvuto ambao siwezi kuukana, kwani mimi mwenyewe ulinichukua. Riverside, kitongoji kilicho nje kidogo ya Chicago, kilisanifiwa mwaka 1869 na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, kikapewa barabara zinazopinda chini ya miti, na mpaka leo mkazi wake huweza kutembea hadi stesheni, akapanda treni na kushukia katikati ya jiji. Ukiyapenda maisha ya namna hiyo, hamia, lakini kwanza fanya haya.

Panda treni hiyo siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa ukiipanda, na urudi nayo jioni. Mwite mkaguzi aingize kamera kwenye bomba la majitaka, kwa sababu mabomba ya udongo wa kuchoma huingiliwa na mizizi ya miti ileile iliyokuvutia. Nyumba yoyote ya Marekani iliyojengwa kabla ya 1978 ichukulie kuwa ina rangi yenye madini ya risasi mpaka vipimo vithibitishe kwamba haina, hasa kama una watoto wadogo.

Kilichonigharimu mimi ni madirisha. Nilikuwa nimesoma, tena kwa usahihi, kwamba nyumba kuorodheshwa kitaifa kuwa ya kihistoria hakumzuii mwenyewe kuibadilisha kwa fedha zake. Nikaishia hapo. Sikuuliza kama halmashauri ya mji ina sheria ndogo zake, na hizo ndizo zenye meno. Baridi ya kwanza ilipoingia, upepo ukipenya kila pembe ya sebule, nilimwita fundi akang'oa madirisha matatu ya mbele, yale ya mbao yanayopandishwa kwa kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa ndani ya fremu, akaweka ya plastiki. Ya zamani yaliondoka na gari la taka siku hiyohiyo. Wiki chache baadaye barua ikafika: nimebadili sura ya nyumba inayoonekana barabarani bila kibali, nirudishe ya mbao. Nililipa mara mbili, na vioo vile vya kale, vyenye mawimbi madogo yaliyoufanya mti wa nje uonekane unacheza kila nilipogeuza kichwa, sikuvipata tena. Inaniuma hadi leo, maana mbao zile zilikuwa nzima. Zilihitaji kuzibwa nyufa, kamba mpya na dirisha la ziada kwa nje la kukinga baridi.

Kwa hiyo nenda halmashauri wewe mwenyewe kabla hujasaini mkataba, usiridhike na neno la dalali, na uombe kwa maandishi orodha ya kazi zinazohitaji kibali: madirisha, baraza, paa, hata uzio. Omba pia ramani ya mafuriko, kwa kuwa mto unaopendezesha mandhari, kama Des Plaines unaopita Riverside, ndio huohuo unaofurika. Uliza bima. Kagua nyaya za umeme na dohani, na usisahau kuwauliza majirani waliokaa hapo muda mrefu ni kitu gani kinachowasumbua mvua ikinyesha.