«Huelo el pescado» si «huelo a pescado»: vitenzi vya hisi vya Kihispania

Mtembeza watalii anayeinua kiganja cha karafuu pale Marikiti na kuwaambia Wahispania «huelo a clavo» amewaambia kwamba yeye mwenyewe ananukia karafuu. Alikusudia «huelo el clavo», nasikia harufu ya karafuu. Kwenye meza ya samaki kosa hilo linachekesha zaidi.

Sisi tuna kunusa, kunuka na kunukia. Mhispania hutumia «oler» kwa yote matatu, na vineno vidogo ndivyo vinavyobeba maana. Kwa hiyo, kabla hujasema, jiulize: mwenye pua ni nani? Ikiwa ni mtenda, kinachonuswa kifuate moja kwa moja: «huelo el café». Ikiwa mtenda ndiye anayetoa harufu, tia «a»: «la mano huele a pescado». Jikoni mtungi ukivuja sema «me huele a gas»: pua ni yako, chanzo hakijatajwa. «Este pescado huele», bila neno jingine, ni kusema ananuka, basi usimwambie hivyo mgeni uliyemkaribisha chakula. Na «esto me huele mal» mara nyingi haihusu pua kabisa. Ni kusema jambo hili nalitilia shaka. Kuandika: huelo, hueles, huele, huelen, lakini olemos na oléis bila h. Hiyo h haitamkwi.

«Saber» nayo inategemea «a». «Sabe cocinar», anajua kupika. «Sabe a coco», ina ladha ya nazi. Wengi hukumbuka «a» kwenye jibu, wakaisahau kwenye swali. Ukitaka kujua ladha ya mbaazi uliza «¿a qué saben?» Ukiuliza «¿qué saben?» umeuliza mbaazi zinajua nini. Kuonja ni «probar».

«Sentir» ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza, maana sisi twasikia kila kitu: adhana, baridi, njaa, harufu, maumivu. Usitafsiri kusikia kwa neno moja. Adhana ni «oír», harufu ni «oler», njaa na baridi husemwa kwa «tener»: «tengo hambre», «tengo frío». «Oigo frío» haieleweki. Ukitumia «sentir» na nomino, haihitaji «me»: «siento un dolor aquí». Ukiitumia na kivumishi, «me» ni lazima: «me siento cansado». Shida ni kwamba «me siento» ni pia naketi, kutoka «sentarse». Wakati uliopita huzitenganisha: «me sentí mal», nilijihisi vibaya, «me senté mal», niliketi vibaya.

Kisha sikiliza irabu ya mwisho ya kitenzi kinachofuata «que». «Siento que no viene», nahisi haji. «Siento que no venga», nasikitika kwamba haji. Ya pili inataka hali tegemezi, yaani «venga» badala ya «viene», kwa sababu unatoa hisia zako juu ya jambo, hutoi habari. «Lo siento» peke yake ni samahani, au pole.

Kwa «ver», ile -ki- yetu inafunika mambo mawili. Umesimama Likoni, watu wanashuka kwenye feri, nawe wasema «niliwaona wakishuka». Mhispania huchagua: «vi bajar a los pasajeros», niliwaona wakishuka, tendo zima, «vi a los pasajeros bajando», walikuwa bado katikati ya kushuka. Ukisitasita, tumia ile ya kwanza. Usisahau «a» kabla ya mtu anayeonwa. Feri haiitaki: «vi llegar el ferry». Ukiweka «que», macho huenda yasihusike tena: «vi que bajaban» yaweza kuwa niligundua tu kwamba wanashuka. «Oír» hufuata njia hiyohiyo: «la oí cantar», nilimsikia akiimba, «oí que cantaba» yaweza kuwa niliambiwa tu na watu kwamba huimba.