Ndoo moja kabla ya bweni
Kama mwanao anaingia kidato cha kwanza bweni Januari, kuanzia Desemba mpe ndoo moja ya lita 20 kwa siku: aoge, afue soksi na shati, abakize ya kupigia mswaki. Huku Dodoma maji mengi ya visima yana chumvi, sabuni haitoi povu kirahisi, na mtoto asiyezoea humaliza nusu ndoo kwa kusuuza tu. Akishajua kujigawia, wiki za kwanza atapambana na kukumbuka nyumbani tu, si na aibu ya kola nyeusi pia. Haisaidii ukianza siku mbili kabla ya safari, au ukiifanya adhabu. Na mabibi, msimwongezee maji kwa siri!