Kuyeyusha EGF bila kuiacha kwenye kifuniko

Chupa ya EGF ya binadamu (epidermal growth factor, protini inayochochea seli kukua), maikrogramu 100, ukiiinua kwenye mwanga utaapa kwamba umeuziwa chupa tupu. Ya kwanza kufika mkononi mwangu nilikaribia kumpigia muuzaji simu nimgombeze. Kumbe unga ulikuwa umejikalia kwenye kifuniko, mwembamba kama mvuke wa pumzi kwenye kioo. Nilikifungua kwa pupa, ukaishia kwenye glavu.

Protini yenyewe ni ndogo, asidi amino 53 tu. Stanley Cohen aliipata kwenye tezi za mate za panya: vitoto vya panya alivyovidunga vilifumbua macho kabla ya siku zao. Mwaka 1986 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Siku hizi ya binadamu hutengenezwa sana ndani ya bakteria E. coli waliopandikizwa jeni yetu. Hii ninayoieleza ni ya kulishia seli maabara, si ya kupaka wala kumdunga mtu.

Hatua ya 1: Andaa kimiminika kwanza. Tengeneza maji tasa yenye albumini ya ng'ombe (protini ya damu) asilimia 0.1, uyachuje kwa kichujio cha maikromita 0.22. Albumini ni ya nini? EGF ikiwa kidogo hung'ang'ania plastiki. Albumini hufanya kazi ya abiria waliowahi daladala: EGF ikipanda inakuta viti vya ukutani vimejaa, inabaki katikati ambako ndiko unakoitaka. Chuja sasa, kabla ya kuchanganya. Ukiichuja EGF yenyewe utaigawia kichujio. Ila kama jaribio lako halivumilii protini ya pili, acha albumini, utumie maji tasa matupu na mirija isiyoshika protini.

Soma pia karatasi iliyokuja na chupa. EGF nyingi hukubali maji, lakini ndugu zake hawafanani: TGF-beta, kwa mfano, huyeyushwa kwa asidi hafifu.

Hatua ya 2: Zungusha kabla ya kufungua. Toa chupa kwenye friza, uiache imefungwa hadi ifikie joto la chumba. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa hewa utatua juu ya unga. Kisha iweke kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, nusu dakika, kilichoshika kifuniko kishuke. Nusu dakika hii ndiyo niliyoiruka siku ile.

Hatua ya 3: Yeyusha. Ndani ya kabineti ya maabara yenye hewa iliyochujwa, tia mililita 1 ya kile kimiminika ukikiteremsha ukutani mwa chupa. Inamisha chupa huku na huku maji yaoshe kuta zote, kisha uiache dakika 10. Usitikise, wala usiikaribishe kwenye vorteksi, ile mashine ya kutikisia mirija. Povu huharibu protini. Sasa una maikrogramu 100 kwa kila mililita.

Hatua ya 4: Gawa siku hiyohiyo. Maikrolita 20 kwa kila mrija, juu ya barafu. Andika jina, kiwango, tarehe na namba ya toleo kwa kalamu isiyofutika. Hifadhi kwenye nyuzi -80. Ukiwa na ya -20 tu, isiwe friza inayojiyeyushia barafu yenyewe, maana hiyo hupata joto kila mara bila wewe kujua. Kwetu umeme una tabia zake, kwa hiyo mimi huweka mirija ndani ya boksi la stairofomu lililojaa vibarafu vya gel, humohumo ndani ya friza.

Hatua ya 5: Tumia. Seli za MCF-10A, seli za titi la binadamu zinazokuzwa maabara, kwa kawaida hupewa nanogramu 20 kwa mililita. Mrija mmoja una nanogramu 2,000, yaani unatosha mililita 100 za chakula cha seli. Kwa mililita 50 chukua maikrolita 10. Kilichobaki kiweke kwenye jokofu ukitumie ndani ya wiki. Usikigandishe tena.

Hatua ya 6: Ipime kabla ya kuiamini. Panda MCF-10A kwenye visahani viwili, kimoja chenye EGF na kingine bila, uhesabu siku ya nne. Chenye EGF kinapaswa kuacha kingine mbali. Usipoona tofauti, usikimbilie kuongeza dozi: seli za A431, zenye vipokezi vya EGF kupita kiasi, hupunguza kukua ukizimiminia nyingi. Yeyusha mrija mwingine wa toleo lilelile, rudia. Na huo ukigoma, fungua daftari uone chupa ilizungushwa au la.