Kumtengeneza kiungo wa aina ya Pirlo kwenye uwanja wa murram

Andrea Pirlo, fundi wa pasi kutoka Italia, hakuanza kama kiungo wa chini, yule anayekaa mbele ya mabeki na kugawa mipira. Alikuwa namba kumi, yaani mchezeshaji wa nyuma ya washambuliaji, hadi mwaka 2001, pale klabu ya Brescia, kocha Carlo Mazzone alipomrudisha mbele ya mabeki kwa sababu mbele alikuwepo Roberto Baggio. Aprili mwaka huo, mjini Turin, Pirlo alipiga pasi ndefu kutoka katikati, Baggio akaituliza kwa mguso mmoja, akampita kipa wa Juventus, Van der Sar, na kufunga. Basi kocha wa vijana hapa Nairobi asimtafute mtu wake miongoni mwa wakabaji. Amtafute namba kumi asiye na mbio, yule ambaye shingo yake haitulii hata mpira ukiwa mbali.

Zoezi la kwanza ndilo kubwa. Panga koni nne, mraba wa mita 12 kwa 12. Wapigaji wawili wasimame pande zinazotazamana, kiungo awe katikati, na kocha akae nyuma yake na koni mbili, nyekundu na ya njano. Pasi ikitoka tu, kocha anainua koni moja. Kiungo ataje rangi kabla ya kugusa mpira, aupokee kwa mguu ulio mbali na mpira, ageuke, ampe mpigaji wa pili. Sekunde 60 kazi, 60 kupumzika, mara sita.

Hapa wengi hukosea kwa kutazama nyuma mpira ukiwa umeshafika mguuni, nao unapita chini ya soli. Atazame mara mbili: kabla pasi haijapigwa, na tena mpira ukiwa njiani. Mita mbili za mwisho macho yarudi kwenye mpira, maana kijiwe kimoja cha murram kinatosha kuurusha hadi gotini. Upepo wa ndani ya mpira nao una kazi yake: mpira wa saizi 5 huruhusiwa bar 0.6 hadi 1.1, kwa hiyo kwenye murram kaa karibu na 0.6 udunde kidogo. Kwenye nyasi bandia, kama za Camp Toyoyo kule Jericho, ongeza. Na asipokee akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani. Akae kiubavu, aone pande zote mbili.

Pasi ndefu: mita 30, lango la koni la mita 4, mipira 20 kwa siku, isizidi, la sivyo nyonga zitalalamika. Akiegemea nyuma sana mpira utapaa na kuelea, na beki ataufikia. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi. Timu ikishuka Mombasa, pasi ileile itaanguka fupi.

Usimwache peke yake. Pale AC Milan, kocha Ancelotti alimpa kiungo mkabaji, Gattuso, wa kumkabia. Ukicheza na viungo wawili tu, kijana wako atapigwa viatu mpaka aombe kurudi mbele.

Halafu mpe muda. Kwao Flero, Italia, Pirlo ana shamba la mizabibu, Pratum Coller, na mzabibu mchanga huchukua kama miaka mitatu kuzaa vizuri. Kijana mpe walau msimu mzima. Akipokonywa mpira mara mbili mfululizo, usimtoe: mwambie asogee mita tano kando ya anayemfuata, kisha mpeni mpira tena.