Kabla hujagusa springi za van yako ya kulala

Ukitaka van yako ya kulala iache kukuvunja mgongo, usikimbilie Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta spea. Anza na mizani. Mimi nilianza na spea, na safari yangu ikaishia kando ya Barabara ya Magadi, magurudumu ya mbele yakifuka moshi, mama yangu mzazi amekaa juu ya jiwe akishika thamosi kwa mikono miwili. Nitafika huko. Kwanza mizani.

Lipime gari likiwa limejaa kama siku ya safari. Tangi la mafuta lijae, maji yajae, magodoro, mtungi wa gesi, betri na masufuria viwe ndani, na wote unaosafiri nao waingie. Wanunuzi wa vyuma chakavu na wenye maghala ya nafaka wana mizani ya lori, na ukiomba kwa adabu watakupimia kwa ada ndogo. Pima mara tatu: gari zima, kisha ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu, peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye bamba la mtengenezaji. Ukikuta umezidi, punguza vitu. Springi ngumu zaidi haiiongezei ekseli nguvu, wala beringi, wala breki, hata fundi akuapie vipi.

Uzito huingia kimyakimya. Maji ya lita 60 ni kilo 60. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina zaidi ya kilo 30, na mafundi wa mbao wa Ngong Road watakutumia sita bila kufikiria mara mbili, kwa sababu wamezoea kabati zinazosimama ukutani maisha yao yote. Betri ya sola ya asidi ya ampea 100 ina karibu kilo 30. Ya lithiamu haifiki hata nusu ya hapo. Tena angalia vitu hivyo vimekaa wapi. Kwangu tangi la maji, jiko na betri vyote vilikuwa kwenye mlango wa nyuma, vikining'inia nyuma ya ekseli, na pua ya gari ikawa imeinuka kama mashua. Nilipolihamisha tangi tu, likakaa katikati, nusu ya yumbayumba iliisha, na sikuwa nimenunua hata nati.

Upepo wa magurudumu: upime asubuhi, kabla gari halijatembea, ujaze kulingana na uzito uliopima na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wahudumu wengi wa vituo vya mafuta wakiona Toyota HiAce wanafikiri matatu ya abiria, wanajaza hadi gurudumu linakuwa jiwe. Nunua geji yako mwenyewe.

Shokomzoba, au shoki kama tunavyoziita: bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote, kisha achia. Inapaswa kuinuka mara moja na kutulia. Ikiendelea kucheza, au ukiona mafuta yametiririka na kushika vumbi kwenye mwili wa shoki, imekufa. Badilisha mbili kwa pamoja kwenye ekseli moja. Na ujue kazi yake: springi ndiyo inayobeba gari, shoki inazuia springi isicheze, na mchezo huo wote inaugeuza kuwa joto. Ndiyo maana ukipita barabara ya mawimbi ya changarawe kwa saa nzima, shoki za bei rahisi zinachemka, mafuta yake yanatoa povu, gari linaanza kuelea. Shoki za gesi huvumilia zaidi. Za mtumba sitaki hata kuzisikia.

Bushi, ile mipira iliyo kwenye viungo vya springi na mikono ya magurudumu: mpira ukipasuka, badilisha. Lakini hapa kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Bolti za bushi za springi na za mikono ya mbele zikazwe mwisho gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, likiwa na uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira unajipinda pale gari linaposhushwa, unabaki umejipinda siku zote, na baada ya miezi michache unachanika. Kisha unaambiwa bushi zilikuwa feki. Simama hapo uone kwa macho yako.

Na tafadhali usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi.

Sasa tuje kwenye starehe yenyewe. Nairobi ukitaja sasipensheni, yaani springi, shoki na viungo vyake, fundi anasikia kuinua gari. Hayo ni mambo mawili tofauti. HiAce ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, ambayo ndiyo wengi wetu tunaigeuza kuwa nyumba, mbele ina vyuma vya kusokota, torshen baa, na nyuma ina springi za majani juu ya ekseli moja ndefu. Fundi akikukazia torshen baa, pua inapanda, lakini chuma ni kilekile, nguvu ni ileile, na mkono umebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka gurudumu linapoingia shimoni. Matokeo yake ni kishindo. Ukiongeza jani la springi lililotoka kwenye lori, nyuma haitalala tena, kweli, lakini kila tuta litakupiga kiunoni. Na mtu akitaka kuipasha springi moto kwa gesi ili aikunje upya, chukua ufunguo wako uondoke. Chuma cha springi kikipashwa hivyo hupoteza ugumu wake, na kitalala tena au kitavunjika mbali na nyumbani.

Sasa breki. Hapa naomba unisome polepole.

Mama ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi aliwafundisha watoto habari za Olorgesailie, mahali pa yale mashoka ya mawe ambayo akina Leakey, watafiti wa mambo ya kale, waliyaona mwaka 1942, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika, ilhali ni kama kilomita 70 tu kutoka Nairobi. Mgongo wake ni mbaya. Nilipomjaribisha garini, kila tuta la Rongai lilimfanya ashike kiti na kufumba macho. Nikaona lazima nitengeneze kitu. Nikapeleka gari gereji, na fundi akanipa dawa ya haraka: bloku za chuma za sentimita 5 kati ya ekseli na springi, na juu yake puto za hewa za kusaidia kubeba mzigo. Kabla ya saa nane mchana kazi ilikuwa imeisha. Nyuma ilikuwa imeinuka, gari limekaa sawa, nami nikalipa nikiwa na furaha. Breki hakuna aliyezitaja, na mimi sikuuliza.

Hadi Kiserian mambo yalikuwa mazuri. Mama akasema, "Leo mgongo umenyamaza." Tukapanda hadi Corner Baridi, pale upepo wa Ngong unapokupiga usoni, kisha barabara ikaanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Mteremko wa kwanza nilikanyaga breki kama kawaida. Wa pili nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni lori lililokuwa mbele yetu. Wa tatu, pedali ikaenda chini, laini kama unakanyaga godoro, na gari likaendelea na safari yake.

Mbele yetu mbuzi walikuwa wanavuka, na kijana aliyewachunga alikuwa ametupa mgongo. Nikashusha gia hadi ya chini kabisa, injini ikanguruma, nikapiga honi bila kuachia, na kwa mkono wa kushoto nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Kijana akageuka, akawapiga mbuzi fimbo, wakatawanyika. Tulisimama kwenye changarawe ya pembeni. Mbuzi mmoja alirudi akasimama mbele ya bampa akitutazama.

Nilipozunguka gari, rimu za mbele hazikukaribika. Za nyuma niliziwekea kiganja. Zilikuwa baridi kama hazijafanya kazi asubuhi yote, na kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya darasani, "Baba, hili gari ulimpa nani alitengeneze?"

Tulingoja hadi vyuma vikapoa, tukarudi nyumbani polepole. Jibu nililipata siku iliyofuata kwa mzee mmoja fundi wa Kariobangi. Alilala chini ya gari dakika mbili tu, akatoka, akafuta mikono kwenye kitambaa na kusema, "Kijana, gari lako linafikiri halina mzigo."

Akanivuta chini nione. Karibu na ekseli ya nyuma kuna kijiti cha chuma, chembamba kama kidole cha mtoto, kwangu kikiwa kimepakwa vumbi jekundu. Upande mmoja kimeshikwa na ekseli, upande wa pili kimeshikwa na valvu ya breki. Gari likipakiwa, bodi inashuka karibu na ekseli, kijiti kinasukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, valvu inazipunguzia nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza. Sasa wewe ingiza bloku za sentimita 5. Bodi imekwenda juu, mzigo uko palepale, lakini valvu inaona gari tupu. Karibu kazi yote ya kusimamisha tani mbili na zaidi kwenye mteremko inaangukia diski za mbele. Zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, mapovu yanaingia kwenye paipu, na mapovu hayasukumi kitu. Breki ya mkono ilituokoa kwa sababu inashika magurudumu ya nyuma, na hayo yalikuwa hayajachoka.

Alipomwaga mafuta yangu ya breki yalitoka ya kahawia kama chai ya rangi. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishanyonya huchemka mapema. Hilo nalo lilikuwa kosa langu. Sikuwa nimeyabadilisha tangu ninunue gari.

Si kila HiAce ina valvu hii. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuinua gari lako hata kwa sentimita moja, lala chini utazame, na umuulize fundi maswali haya akujibu akiwa amesimama nawe: valvu ya mzigo ipo? Nani ataipanga upya, na atapima nguvu ya breki za nyuma kwa geji gani? Paipu za mpira za breki zina urefu wa kutosha ekseli ikining'inia? Mwambie ainue bodi hadi magurudumu yaache ardhi, uzishike paipu kwa mkono. Zikiwa zimevutika kama kamba ya nguo, ni fupi. Tazama pia waya wa breki ya mkono na nyaya za ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kufunga. Fundi akikasirika kwa maswali hayo, nenda kwa mwingine. Usione haya. Ni watu wako watakaokaa humo.

Kwangu mzee alitoa bloku. Tukapima gari, akanipangia springi za majani kulingana na uzito ule, bushi mpya, shoki mpya za gesi pande zote nne, akaipanga valvu, akabadilisha pedi za mbele na mafuta yote ya breki. Puto zimebaki, lakini na upepo mdogo, kwa kusawazisha tu, na haziachwi tupu kamwe, maana puto isiyo na hewa hubanwa ikapasuka. Gari liko chini kuliko zamani, na linatembea laini kuliko zamani.

Baada ya hapo yamebaki madogo. Fanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Panga taa za mbele, kwa sababu nyuma ikipanda au kushuka mwanga nao unahama. Yu-bolti za zamani, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zisirudishwe. Nunua mpya, na zikazwe tena kwa spana ya kupimia baada ya kilomita mia za kwanza. Iarifu kampuni yako ya bima mabadiliko yote, na kama gari lilikuwa la abiria, hakikisha maelezo yake kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, yanalingana na lilivyo sasa. Weka risiti.

Usiende mbali siku ya kwanza. Toka Kiserian hadi Isinya ukiwa na mzigo kamili, urudi. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele kuwa na joto zaidi ni kawaida. Za mbele zikiunguza na za nyuma zikiwa baridi kabisa, rudi kwa fundi kabla hujakutana na mteremko wowote. Kwenye mteremko shusha gia mapema, ungali juu. Usisafiri usiku. Beba maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, chora njia yako umwachie mtu nyumbani, na huko chini bondeni usitegemee simu kushika mtandao kila mahali. Mbuzi nao wana haki ya barabara, kwa hiyo punguza mwendo ukiona fimbo ya mchungaji, hata kama bado huoni mbuzi.