Testa isipowaka, usiguse bado: somo la kupima umeme nyumbani

Jumamosi moja kaka yangu wa Nkuhungu aliniita nimbadilishie holda ya sebuleni iliyokuwa imeungua. Swichi ya ukutani imezimwa, taa haiwaki, naye kashika stuli ananiambia, "Panda tu, nimeshazima." Nikaigusisha ncha ya testa kwenye kipande cha shaba ndani ya holda, na kile kitaa cha rangi ya chungwa kikawaka palepale. Nilishuka, nikazima breka, nikafungua boksi la swichi. Aliyefunga waya nyumba ile alipitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto (unaouleta). Ukizima swichi, taa inazimika kweli, lakini moto unabaki juu kwenye holda.

Nyumba zinapanda haraka hapa Dodoma, Ilazo, Nzuguni hadi kule Mtumba, na si kila anayeshika praizi ana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Ndiyo maana naandika somo hili. Linamhusu mtu anayetaka kubadilisha holda, swichi au kifuniko cha soketi kwake. Mita ya LUKU, waya zinazotoka kwenye nguzo na ndani ya boksi la breka si kazi yako, waachie TANESCO na fundi mwenye leseni.

Ielewe testa kwanza

Ile bisibisi ya testa ina ncha ya chuma, ndani yake rezista, kitaa kidogo cha neoni, springi, na kifuniko cha chuma nyuma. Ukigusa waya wa moto kwa ncha na kuweka kidole kwenye kifuniko, umeme kidogo sana unapita kwenye rezista, unawasha neoni, unapitia mwilini mwako na kwenda chini. Rezista ikiwa ya megaomu 1, kwa volti zetu 230 hiyo ni chini ya robo ya miliampia, na huisikii kabisa. Ila kidole kikishuka kikagusa shingo ya chuma upande wa ncha, hapo rezista haikulindi tena.

Sasa shika hili, maana somo zima limesimama hapa. Testa ikiwaka, amini kwamba moto upo. Testa isipowaka, bado haijakuambia kitu. Huenda kweli hakuna umeme. Huenda pia neoni imekufa, au ncha ina kutu au rangi, au kidole hakijakaa vizuri, au umesimama juu ya stuli kavu ya mbao na ndala miguuni hivyo mwanga umefifia mno. Halafu kuna jua letu la saa sita mchana: dirisha likiwa wazi neoni huioni hata ikiwaka. Ifunike kwa kiganja cha mkono mwingine uchungulie.

Hatua kwa hatua

Kagua testa yenyewe. Plastiki iliyopasuka, unyevu ndani, au testa iliyowahi kugongewa nyundo kama patasi, tupa. Kausha mikono, vua pete na saa ya chuma, na mwonyeshe mtu mzima aliyepo nyumbani meni swichi (swichi kuu ya nyumba nzima) iko wapi. Mwambie pia kwamba ukinaswa asikuvute kwa mkono, azime kwanza.

Zima breka ya mstari unaoufanyia kazi, mfano ya taa, lakini ya soketi iache iwake kwa sasa. Sababu utaiona.

Vuta ekstensheni yenye matundu ya wazi mpaka ulipo. (Soketi zetu za matundu matatu zina vifuniko ndani vinavyofunguliwa na pini ya ethi, ile ya waya wa usalama unaokwenda ardhini. Tafadhali usizifungue kwa kuchomeka msumari au bisibisi nyingine.) Ukiwa umesimama palepale juu ya stuli utakayofanyia kazi, ingiza testa kwenye tundu la moto la ekstensheni. Iwake. Sasa umejua testa nzima, kidole kimekaa vizuri, na mahali uliposimama panaruhusu.

Bila kushuka, pima holda. Gusa kila chuma, si waya mmoja tu: waya mwekundu au wa kahawia, mweusi au wa bluu, hata wa kijani na bodi ya taa kama ni ya chuma. Usiziamini rangi. Rangi za zamani na za sasa zimechanganyikana majumbani, na fundi aliyeishiwa waya mwekundu huvuta wowote aliobaki nao. Washa swichi ya ukutani, pima tena, kisha izime na upime tena. Kule Nkuhungu moto ulikuwepo swichi ikiwa imezimwa, ndiyo maana unapima hali zote mbili.

Rudi kwenye ekstensheni. Testa iwake tena. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayokuhakikishia kwamba testa haikufa katikati ya kazi. Ndiyo sababu tuliacha breka ya soketi. Ukizima kila kitu tangu mwanzo, huna pa kuijaribia.

Baada ya hapo zima na meni swichi, uibandike karatasi yenye maandishi makubwa USIWASHE, ndipo ushike bisibisi ya kazi.

Kuna jambo la LUKU nataka nilisisitize. Yuniti zikiisha, mtu husema, "Umeme umeisha, ngoja nibadilishe soketi hii." Wewe uko ukutani na waya mkononi, mtoto ametumwa kununua umeme, anarudi anaingiza namba kwenye mita. Umeme unarudi hapohapo. Kadhalika mgao. Giza la mtaa mzima si meni swichi iliyozimwa, kwa hiyo hata siku hiyo zima kwa mkono wako, na kama huna pa kuijaribia testa, subiri umeme urudi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kondoa:* Shikamoo mwalimu. Soketi yangu nikiipima inawasha testa kulia na kushoto, matundu yote, lakini pasi haipati moto kabisa. Umeme umezidi?

Marahaba. Haujazidi, nyutro imekatika mahali. Moto unapita ndani ya friji au taa iliyowashwa, unatokea upande wa pili kwenye waya wa nyutro, unakosa njia ya kurudi na kukaa pale. Testa inauona na kuwaka. Chomoa vifaa vyote, zima taa zote, pima tena.

*Kondoa tena:* Nimefanya. Kushoto pamezimika, kulia panawaka.

Basi ni hiyo. Ukiitazama soketi, ethi ikiwa juu, kulia ndiko kwa moto, na kwako kuko sawa. Kama ni soketi moja, fundi azime aangalie skrubu na maungio ya nyutro. Kama ni nyumba nzima na majirani wanalalamika vilevile, zima meni swichi sasa hivi na upige simu TANESCO. Kwenye laini ya fezi tatu, nyutro ikikatika huko nje, nyumba moja inaweza kupata umeme hafifu na nyingine volti zinazokaribia 400, na friji na televisheni zikaungua kwa dakika chache. Usiguse nyutro kwa sababu tu inaitwa nyutro. Iliyokatika inapiga kama moto.

*Kutoka Makole:* Friji linachonyota nikiligusa peku, hasa nikiwa nimetoka kudeki. Testa inawaka kwenye mlango wake. Fundi wangu anasema ni kawaida.

Dada yangu, usikubali hilo. Neoni inawaka hata kwa umeme mdogo sana, hivyo testa peke yake haiwezi kutofautisha uvujaji mdogo na hitilafu kubwa. Wewe ichukulie kubwa. Chomoa friji, angalia plagi: pini mbili, au pini ya ethi imekatwa ili iingie kwenye ekstensheni? Kama plagi ni nzima, mashaka yanahamia kwenye ethi ya nyumba. Udongo wetu ukifika Septemba na Oktoba umekauka kama tofali, na fimbo fupi ya ethi ndani yake haipitishi umeme vizuri. Mafundi wengi humwaga chumvi na mkaa kwenye shimo. Chumvi inasaidia kwa muda, lakini inaila ile fimbo, na mvua za Januari zinaizoa. Afadhali fimbo ndefu zaidi, au mbili zilizoachana, klampu safi iliyokazwa, kisha ipimwe kwa kipimo cha ethi. Na muulize fundi kama boksi lako lina ile breka yenye kitufe cha T, ya miliampia 30. Hiyo hukata umeme unaovuja kupitia kwa mtu hata kama ethi ni dhaifu. Bonyeza kitufe chake mara kwa mara uone kama inaruka.

*Kutoka Mpwapwa:* Ile testa ya kupiga kelele bila kugusa waya, si bora zaidi?

Ni nzuri kwa kutafuta waya ukutani kabla ya kutoboa. Ila hulia kwa sababu ya waya wa jirani, na hunyamaza waya ukiwa ndani ya bomba la chuma au betri ikichoka. Kwa kugusa shaba mimi napenda multimita: fito nyekundu kwenye tundu lenye V, kamwe si lenye 10A, na swichi kwenye volti za AC zaidi ya 230. Moto kwa nyutro isome karibu 230, moto kwa ethi vivyo hivyo, nyutro kwa ethi karibu sifuri.

*Kutoka Chamwino:* Nimezima breka, nimezima na meni swichi, testa inawaka bado kwenye holda. Nina sola pia.

Usiguse kitu, mkuu. Inveta yako (kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa nyumbani) huenda imeona TANESCO haipo ikaanza kulisha nyumba, au taa hizo zimeunganishwa kwake moja kwa moja. Zima inveta kwa kitufe chake, kisha zima breka ya upande wa kutokea ya inveta. Kwa kuwa sasa hakuna pengine penye moto, nenda na testa kwa jirani uhakikishe inawaka, rudi upime holda, halafu irudishe kwa jirani uijaribu tena.