Macho yote mawili ya sungura yakitokeza, chunguza kifua

Baridi ya Juni ikishika huku Mbeya na Iringa, sungura akihema tunasema nimonia, na mara nyingi ndivyo. Ila sungura mtu mzima, hana makamasi, macho yote mawili yametokeza: fikiria thaimoma. Ni uvimbe wa tezi ya thaimasi, iliyo mbele ya moyo, ambayo sungura hubaki nayo hata ukubwani. Uvimbe hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani, damu ikajaa nyuma ya macho.

1. Mtazame ametulia, bila kumshika. Pumzi 30 hadi 60 kwa dakika ni kawaida. Akihema kwa mdomo ni dharura, maana sungura huvutia hewa puani.

2. Jicho moja likitoka, tafuta jipu la mzizi wa jino. Yakitoka yote, yakazidi anapoinamisha kichwa, na kope la tatu (utando wa kona ya ndani ya jicho) likachomoza, usihangaike na dawa za macho. Wengi hupotezea muda hapo, na inaniuma.

3. Piga eksirei ya kifua, ya ubavu na ya kutoka juu. Usimlaze chali kwa nguvu. Anayehema anaweza kukufia mkononi. Uvimbe huonekana mbele ya moyo, umeinua koo la hewa. Sungura mnene ana mafuta palepale, kwa hiyo hakikisha kwa altrasaundi.

4. Vuta chembe za uvimbe kwa sindano nyembamba, ukiongozwa na altrasaundi. Thaimoma hujaa limfosaiti ndogo (aina ya chembe nyeupe za damu), hivyo huchanganywa na limfoma, saratani ya chembe hizo. Usaha ukitoka, ni jipu. Kipande cha nyama ya uvimbe kikipimwa maabara ndicho kinachokata mzizi wa fitina.

Maswali

*Shikamoo daktari. Niko Makete, eksirei ya wanyama sina.*
Marahaba. Rekodi video ya anavyohema, umtumie daktari wa mifugo kwanza. Akishauri safari, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha udaktari wa mifugo, ulizia huko. Mweke kwenye boksi lenye matundu na majani makavu; sungura hafungishwi njaa.

*Nimpe amoksilini ya vidonge wakati nasubiri?*
Hapana, tafadhali! Ikipita mdomoni huvuruga bakteria wa tumbo, akaharisha hadi kufa.

*Ikithibitika, anapona?*
Wapo wanaopona kwa upasuaji, lakini kufungua kifua cha mnyama mdogo hivi ni hatari. Nchi nyingine hutumia mionzi. Prednisoloni, dawa ya steroidi, huwapa baadhi nafuu ya muda, ila hushusha kinga, na sungura huathirika na dawa hiyo haraka. Aiandike daktari aliyemwona.